Mfumo wa faili wa kuaminika kwa flashi ghafi: UBIFS, JFFS2 au ext4?

Swali: Tunaunda kifaa cha kuhifadhi vipimo kinachoendeshwa na Linux. Ubao wake una chipu ya flashi ya NAND ya aina ya SLC (seli moja hubeba biti moja) yenye megabaiti 256, kurasa za baiti 2,048 na bloku za kilobaiti 128, nayo imeunganishwa moja kwa moja na prosesa. Umeme unaweza kukatika wakati wowote bila taarifa. Toleo letu la awali lina NOR, aina nyingine ya flashi, ya megabaiti 16 na mfumo wa faili wa JFFS2, na halijawahi kutusumbua. Mwenzangu anapendekeza ext4 juu ya mtdblock (draiva inayoionyesha flashi kama diski) kwa kuwa ndiyo anayoifahamu, na mimi naelekea JFFS2 tena. Ipi ni ya kuaminika zaidi? Na je, vifaa vya zamani navyo tuvibadilishe?

Jibu: Kwa chipu uliyoieleza, chaguo langu ni mfumo wa faili wa UBIFS juu ya UBI, tabaka linalosimamia bloku za chipu. Ext4 juu ya mtdblock nisingeikubali hata kwa sampuli ya kwanza, na JFFS2 ningeiacha pale ilipofanya kazi vizuri, yaani kwenye ile NOR ndogo. Hata hivyo, ukilichukua jina la UBIFS peke yake na kuyaacha mengine, unaweza kupoteza data kama vile ungezipoteza kwa mfumo mwingine wowote. Flashi ghafi ina kasoro kadhaa za kuzaliwa, na kila kasoro inahitaji mlinzi wake. Baadhi ya walinzi hao wamo ndani ya mfumo wa faili, wengine wako chini yake kwenye draiva na saketi, na mmoja yuko juu yake, ndani ya programu mnayoiandika wenyewe.

Tuanze na kasoro zenyewe. Katika flashi, kuandika ni kugeuza biti kutoka 1 kwenda 0, na njia pekee ya kuirudisha kwenye 1 ni kuifuta bloku nzima. Kwenye chipu yenu hilo lina maana kwamba mnaandika ukurasa mmoja mmoja, lakini mnafuta kurasa 64 kwa mpigo. Kila bloku ina idadi ya mifuto inayoweza kuvumilia, ambayo kwa NAND ya SLC kwa kawaida hutajwa kuwa 100,000. Chipu pia hutoka kiwandani ikiwa tayari na bloku mbovu zilizotiwa alama, na nyingine huharibika ikiwa kazini. Zaidi ya hayo, biti hugeuka zenyewe: kwa kukaa muda mrefu, kwa kusomwa mara nyingi, au kwa kuandikwa kwa ukurasa wa jirani. Kadi za kumbukumbu, vijiti vya USB na eMMC zina kasoro hizi hizi, ila ndani yake mna kidhibiti kinachozificha na kujionyesha kwa nje kama diski. Ndiyo sababu ext4 hufaa huko. Ndiyo sababu pia F2FS, licha ya kuwa na neno flashi ndani ya jina lake, haikutengenezwa kwa ajili ya chipu kama yenu, kwani nayo inategemea kidhibiti cha aina hiyo.

Sasa tazama mtdblock inavyofanya kazi. Ext4 inapotaka kubadilisha sekta moja, mtdblock husoma bloku yote ya kilobaiti 128 na kuiweka kwenye RAM, huibadilisha sekta hiyo humo, huifuta bloku kwenye chipu, kisha huiandika upya mahali pale pale. Umeme ukikatika baada ya kufuta na kabla ya kuandika, kilichopotea si sekta mliyokuwa mkiibadilisha peke yake. Vyote vilivyokuwa ndani ya bloku hiyo vimekwenda, yakiwemo mafaili ambayo hayakuguswa kwa miezi. Daftari la ext4 haliwezi kuokoa hali hiyo, kwa kuwa lilibuniwa kwa diski ambayo sekta isiyoandikwa hubaki kama ilivyokuwa. Uchakavu nao uko wazi kwa hesabu ya kawaida tu. Programu inayobadilisha sekta ile ile kila sekunde na kulazimisha iandikwe hapo hapo itaifuta bloku hiyo mara 86,400 kwa siku, kwa hiyo mifuto 100,000 itamalizika katika muda wa saa 28 hivi, huku bloku za jirani zikiwa mpya kabisa. Na mtdblock haina mpango wowote wa kukwepa bloku mbovu. Mwenzako anaifahamu ext4, nami namwelewa, lakini ext4 anayoifahamu ni ile iliyokaa juu ya diski.

JFFS2 ni habari nyingine, na inastahili heshima. Mtangulizi wake, JFFS, alitoka kwa kampuni ya Axis Communications ya Sweden mwaka 1999, na JFFS2 ikaandikwa na David Woodhouse akiwa Red Hat, ikaingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2001. Haiandiki juu ya data ya zamani. Kila badiliko huongezwa mbele kama nodi mpya yenye namba ya toleo na CRC, yaani hesabu ya kugundua makosa, kwa hiyo nodi iliyokatizwa na umeme hutambulika kuwa mbovu na kutupwa, na ile ya kabla yake hubaki kuwa halali. Sehemu kubwa ya uandishi wake pia huenda kwenye chipu moja kwa moja bila kusubiri kwenye RAM, na nadhani hiyo ndiyo siri ya utulivu mlioupata kwenye toleo la awali. Programu isiyo makini husamehewa mengi na JFFS2.

Tatizo lake ni ukubwa. JFFS2 haihifadhi faharasa kwenye flashi. Kila inapopachikwa hulazimika kuipitia chipu na kujenga upya picha ya nodi zote ndani ya RAM, kwa hiyo muda wa kuwaka na RAM inayotumika hukua sambamba na ukubwa wa flashi. Kwenye megabaiti 16 hilo halionekani. Kwenye megabaiti 256 zilizojaa vipande vidogo vidogo vya vipimo, mtaliona kila kifaa kinapowashwa. Muhtasari wa mwisho wa bloku, ambao JFFS2 ina uwezo wa kuutunza, hupunguza kusoma lakini hauondoi mzigo wa RAM. Lipo pia jambo dogo ambalo watu hulikuta wakiwa wameshachelewa. Kwenye NAND, JFFS2 huandika alama yake ya usafi katika eneo la ziada la ukurasa (baiti chache zilizo kando ya data) na huhitaji baiti 8 humo. Kidhibiti kinachosahihisha biti 8 kwa kila baiti 512 huchukua baiti 52 hadi 56 kati ya 64 zilizopo, na alama ya bloku mbovu huchukua 2 nyingine. Piga hesabu utaona jinsi nafasi ilivyo finyu. Kwenye baadhi ya vidhibiti haitoshi kabisa.

UBI na UBIFS ziligawana kazi ambayo JFFS2 iliifanya peke yake. UBI iliingia kwenye Linux 2.6.22 mwaka 2007, na UBIFS, iliyotengenezwa na wahandisi wa Nokia kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Szeged, ikafuata kwenye 2.6.27 mwaka 2008. UBI hukaa chini, na kazi yake ni kuifahamu chipu. Huzipa bloku halisi majina ya bandia na kuzihamisha bila aliye juu kujua. Mwanzoni mwa kila bloku huandika vichwa viwili: kimoja kina hesabu ya mifuto ya bloku hiyo, na cha pili kinaeleza ni ya voliumu gani na ni ya ngapi. Tofauti ya mifuto kati ya bloku iliyochakaa na iliyopumzika ikizidi kiwango fulani, ambacho kwa kawaida ni 4,096, UBI huhamisha data iliyotulia kutoka kwenye bloku iliyopumzika na kuipeleka kwenye ile iliyochoka, ili iliyopumzika nayo ishike zamu. Uandishi ukishindikana, data huhamishwa, kisha bloku iliyotiliwa shaka huteswa kwa kufutwa na kuandikwa mipangilio 0xA5, 0x5A na 0x00, na ikishindwa mtihani huo hutiwa alama ya ubovu na kuachwa. UBIFS iliyo juu hubaki na kazi ya mafaili, na tofauti na JFFS2, faharasa yake hukaa kwenye flashi yenyewe, kwa hiyo haihitaji kujengwa upya kila inapopachikwa.

Gharama yake kwenye chipu yenu ni hii. Mna bloku 2,048. Kama kidhibiti chenu hakiandiki nusu-kurasa (vipande vidogo vya ukurasa), kila kichwa huchukua ukurasa mzima, na kila bloku hubakiwa na baiti 126,976 za kutumia. Hizo ni megabaiti 8 zilizokwenda kwa vichwa. Akiba ya kawaida ya bloku mbovu ni 20 kwa kila 1,024, yaani bloku 40, au megabaiti 5. Ukiongeza bloku chache za matumizi ya ndani ya UBI, mnabaki na takriban megabaiti 242. Mimi naiona ni bei nafuu. Msishawishike kupunguza ile akiba ili kupata nafasi, maana ikiisha UBI huacha kuandika. UBI bado husoma vichwa vya bloku zote inapoanza, ila kwa bloku 2,048 usomaji huo ni mfupi, na sioni haja ya kuwasha fastmap (njia ya UBI ya kuanza bila kusoma vichwa vyote) kwa ajili ya chipu ya ukubwa huu.

Sasa nije kwa walinzi walio nje ya mfumo wa faili, kwani huko ndiko nilikoona vifaa vingi zaidi vikifa.

Wa kwanza ni msimbo wa kusahihisha makosa, ECC. Waraka wa chipu hueleza ni biti ngapi zinazopaswa kusahihishwa kwa kila baiti 512, na kiwango hicho ni sharti. Hakikisheni kuwa kidhibiti cha prosesa kinakifikia, na kwamba programu ya kuwashia kifaa na kerneli zinatumia mpangilio ule ule wa ECC, kwa sababu zikitofautiana, kilichoandikwa na moja kitasomwa na nyingine kama takataka. UBI huihamisha data kabla haijafikia hatua ya kutosahihishika: biti zilizosahihishwa kwenye ukurasa zikifika kizingiti, ambacho kwa kawaida ni robo tatu ya uwezo wa ECC, bloku nzima huhamishwa. Lakini hufanya hivyo pale tu ukurasa unaposomwa. Faili ambalo halisomwi kwa miaka linaweza kuoza kimya kimya. Kwa hiyo wekeni kazi ya nyuma inayosoma voliumu yote tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, tuseme mara moja kwa mwezi, na kuyatupa matokeo. Haigharimu chochote, na ni wachache wanaoikumbuka.

Wa pili ni njia ya kupakia imeji, yaani nakala kamili ya yaliyomo kwenye chipu, kiwandani, na hapa nina kovu langu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kutazama kundi la vifaa vilivyokuwa vikiwaka vizuri siku ya kwanza, kisha vikianza kulalamika makosa ya ECC yasiyosahihishika baada ya siku chache za matumizi. Chipu zilikuwa nzima. Mashine ya kiwandani ilikuwa ikiandika imeji yote neno kwa neno, zikiwemo kurasa tupu za mwisho wa kila bloku ambazo zote ni 0xFF. Kwa macho, ukurasa ulioandikwa 0xFF na ukurasa uliofutwa ni kitu kimoja. Kwa chipu si kimoja, kwa sababu kidhibiti kilikuwa kimeshakokotoa ECC ya ukurasa ule na kuiandika kwenye eneo la ziada. UBIFS ilipokuja kuandika data halisi kwenye ukurasa iliouamini kuwa mtupu, ECC mpya ilikaa juu ya ya zamani, biti zikachanganyika, na data ikawa haisomeki. Tumieni ubiformat, ambayo huziruka kurasa tupu za mwisho na kuhifadhi hesabu ya mifuto iliyopo. Kama kiwanda kina mashine isiyojua kuziruka, tengenezeni imeji kwa mkfs.ubifs yenye alama ya -F, ili UBIFS irekebishe nafasi tupu mara ya kwanza inapopachikwa. Na mashine ya namna hiyo ni lazima iruke bloku mbovu za kiwandani. Isiyoangalia alama hizo itapanda data juu ya ubovu. Angalieni pia vipimo mnavyoipa mkfs.ubifs na ubinize: kama kerneli yenu inatambua nusu-kurasa za baiti 512 na imeji ilitengenezwa bila hizo, UBI itakuta kichwa cha pili mahali isipokitarajia na itakataa kujiunga na chipu.

Wa tatu ni umeme wenyewe. Mfumo wa faili hustahimili kukatika kwa ghafla, lakini hauna la kufanya dhidi ya volti inayoshuka taratibu wakati prosesa inaendelea kutoa amri. Wekeni saketi ya kusimamia volti inayoizima prosesa mapema, na unganisheni pini ya kuzuia uandishi ya NAND kwenye ishara hiyo hiyo.

Wa nne ni programu yenu, na hapa desturi mliyoizoea kwenye JFFS2 inaweza kuwaumiza. UBIFS huweka maandishi kwenye RAM kwanza, na kwa mipangilio ya kawaida ya Linux data inaweza kukaa huko nusu dakika na zaidi kabla ya kufika kwenye chipu. Programu inayofungua faili la usanidi, kulifanya tupu, kuliandika upya na kulifunga, inaweza kuamka baada ya umeme kurudi na kukuta faili lenye urefu wa sifuri. Watu hulaumu UBIFS, ilhali UBIFS imefanya ilichoahidi. Utaratibu salama ni huu: andikeni yaliyomo kwenye faili jipya, kwa mfano usanidi.mpya, iteni fsync (amri ya kulazimisha data ifike kwenye chipu) juu ya faili hilo na mwangalie jibu lake, libadilisheni jina kwa rename liwe usanidi, kisha iteni fsync juu ya saraka. Kwa njia hiyo mtakuta ama faili la zamani zima, ama jipya zima.

Kwa vipimo, amueni kwanza mko tayari kupoteza vya muda gani. Mkiita fsync kila sekunde kwa rekodi ya baiti 100, kila wito hutumia walau ukurasa mmoja wa baiti 2,048, hata kama uliobaki ni ujazo mtupu. Hizo ni kurasa 86,400 kwa siku, sawa na bloku 1,350. SLC yenye uchakavu uliosawazishwa itabeba mzigo huo kwa miaka mingi, lakini ni ufujaji. Mkikusanya rekodi za dakika moja na kuziandika pamoja, kurasa huwa zaidi kidogo ya 4,000 kwa siku kwa sababu rekodi 60 ni baiti 6,000, yaani kurasa 3 kwa kila dakika, na bloku hushuka hadi 68 hivi. Kukubali kupoteza dakika moja kumewapunguzia kazi ya chipu karibu mara 20.

Ningependa pia mtenganishe kisichobadilika na kinachobadilika. Mfumo wa uendeshaji uwe ni squashfs, mfumo wa faili wa kusoma tu, kwenye voliumu yake, ikisomwa kupitia ubiblock (inayoionyesha voliumu ya UBI kama diski ya kusoma tu) ambayo imo kwenye kerneli tangu mwaka 2014, na vipimo viwe kwenye voliumu ya UBIFS. Zote mbili ziwe ndani ya UBI moja inayoshika karibu chipu nzima, ili hata bloku zilizobeba mfumo usiobadilika ziingie kwenye zamu ya uchakavu. Mkigawa chipu kwa patisheni nyingi ndogo, kila moja ikiwa na UBI yake, mnazinyima bloku nafasi ya kusaidiana.

YAFFS2 utaisikia ikitajwa, nayo ni imara na ilitumika kwenye simu za mwanzo za Android, lakini haimo ndani ya kerneli rasmi, na sipendi kubeba mzigo wa kuibandika upya kila ninapopandisha toleo. LittleFS ni nzuri sana kwa maikrokontrola yenye RAM kidogo na NOR ya nje. Si ya mahali hapa. Jambo moja la kuandika kwenye orodha ya manunuzi: msikubali mtu abadilishe SLC kwa MLC (seli moja hubeba biti mbili) kwa sababu ya bei. Katika MLC kurasa mbili hushiriki seli zile zile, hivyo umeme ukikatika wakati ukurasa mmoja unaandikwa, mwenzake uliokwisha kuandikwa zamani unaweza kuharibika, na UBI ya kerneli za sasa hukataa kujiunga na chipu za aina hiyo zikiwa katika hali yao ya kawaida.

Kabla ya kuagiza mzigo, fanyeni jaribio la kukata umeme kwa relei, mara elfu kadhaa, kwa nyakati zisizotabirika, wakati programu yenu halisi ikiandika. Kila kifaa kinapowaka, hakikini CRC ya kila rekodi ambayo fsync yake ilifaulu. Hata moja ikikosekana, tafuteni sababu kabla ya kuendelea. Jazeni voliumu hadi karibu ijae, kwa kuwa usafishaji wa bloku huwa mzito zaidi hapo, na kumbukeni kwamba nafasi tupu inayotajwa na UBIFS ni makadirio kwa sababu ya ubanaji wa data. Majaribio ya draiva yaliyomo kwenye kerneli, kama mtd_torturetest na mtd_nandbiterrs, yaendesheni kwenye ubao wa kutupa, maana yanafuta na kuchakaza chipu kwa makusudi.

Kuhusu vifaa vya zamani, viacheni kama vilivyo. NOR ya megabaiti 16 haina eneo la ziada la kugombania, muda wa kuipitia ni mfupi, na kwenye chipu ndogo hivyo bloku ambazo UBI na UBIFS hujitengea zingekula sehemu kubwa zaidi ya nafasi kuliko faida ambayo mngeipata. Kitu pekee ambacho ningekipeleka huko ni ile programu mpya yenye fsync na rename, ili msiwe na matoleo mawili ya msimbo wa kuandika mafaili.